Imezidi Moja

Ghala la Kitangari. Foleni imefika kwa muuza vitumbua,
mabibo yanaoza kando ya barabara, nyuki wamelewa,
na Dadi, mbeba magunia, ameitundika simu yake
kwenye msumari wa ubao wa bei.
Anachana kijana wa hapahapa, Gunia Tupu,
mtoto wa Bi Fatu Namkuna.
Amerekodia chumbani, godoro limesimamishwa lizuie mwangwi,
na jogoo mmoja amepenya hata hivyo, ubeti wa pili.

"Huyu anagombana," anasema Mwalimu Nandonde,
ameketi juu ya magunia yake matatu
kama bado yuko mbele ya darasa la saba.
"Hana vina, hana kituo. Anakimbia
kama mtu aliyekanyaga siafu."
"Siafu wapo, Mwalimu," anasema Dadi. "Ulitaka atembee?"

Shadya wa kidato cha nne, aliyetumwa kushika zamu ya babu yake,
anasema sikilizeni pumzi:
pale anapotaja salfa anaikata,
kama baba yake alivyokuwa akiikata
akitoka kupuliza mikorosho bila kitambaa puani.
"Hiyo si sanaa?"
"Hicho ni kikohozi," anasema Mwalimu, ila kwa sauti ndogo.

Bi Esha anageuza kitumbua.
Yeye ubeti wa kwanza anaukubali, wa pili una tusi.
"Wajukuu wangu wanaliimba wakichota maji."
"Na ubeti wa kangomba hawauimbi?"
"Wanauimba. Lakini tusi ndilo wanalolijua maana."

Mfaume wa bodaboda anataka biti tu,
maneno atayasikiliza akizeeka.

Mimi nimo dirishani, naandika stakabadhi.
Kilo, jina, sahihi. Kilo, jina, dole gumba.
Mkono haujasimama ila sikio liko nje,
na mstari unaofuata naujua kabla haujafika,
maana wiki nzima watoto wameniimbia mgongoni:

*Karani, kalamu yako ina njaa kuliko mimi.*

Kimya kidogo. Mfaume anatazama tairi.
Kisha Mwalimu, Mungu ambariki, anainua vidole:
ka-ra-ni-ka-la-mu-ya-ko. Nane, sawa.
I-na-nja-a-ku-li-ko-mi-mi.
"Tisa! Mmeona? Utao umezidi mizani moja.
Angesoma kwangu ningemfunza kuipunguza."
Dadi anasema wacha izidi, kinywa si debe.
Shadya anasema hiyo iliyozidi ndiyo inayochoma.
Bi Esha anauliza mizani ipi tena, hii ya ghalani?
Hajibiwi. Wameshahamia kwenye vina,
wanarushiana majina ya wachanaji wa zamani,
na hakuna anayenigeuzia uso.

Nilifundishwa na Mwalimu huyuhuyu.
Nilikuwa mwepesi wa vidole,
hadi leo nikisikia tangazo la msiba nahesabu.
Usiku, mvua ya kwanza ikigonga bati,
nilijaribu kuupunguza ule mstari.
Nikatoa "mimi," nikatia "yeye": tisa ileile.
Nikatoa "kuliko," nikatia "kama":
*ina njaa kama mimi*.
Nane kamili. Mwalimu angetia alama ya vema.
Lakini kwa "kama" tunakuwa sawa, mimi na kijana,
na jioni hiyo mezani kwangu palikuwa na samaki.

Asubuhi zamu ya Mwalimu ikafika.
Gunia la kwanza. Sindano ikatetemeka,
ikatua themanini na moja.
Alikuwa na karatasi mfuko wa shati, niliona ncha yake,
na tarakimu mbili za kalamu ya risasi.
Akatazama vidole vyake.
Akasema, "Andika."

Kalamu ilikuwa sikioni.
Sikuishusha upesi.